Jinsi ya Kusoma Taarifa ya Jiji na Kuifuata Mpaka Mtaani Kwako

Uongozi wa jiji hutoa taarifa kila mwaka, na katika miji mingi kila robo ya mwaka: fedha zilizokusanywa, fedha zilizotumika, taka zilizozolewa, barabara zilizofanyiwa matengenezo, mitaa iliyowekewa taa. Husomwa kikaoni, hupigiwa makofi au hununiwa, kisha huenda kabatini. Mwananchi aliyeketi nyuma ya ukumbi huondoka na picha ya jumla tu, kwamba mambo yanakwenda au hayaendi, ilhali karatasi zile zingeweza kumwambia mtaro unaopita mbele ya nyumba yake utazibuliwa lini, kwa fedha zipi, na nani alitia saini kwamba umeshazibuliwa.

Mwongozo huu ni wa mtu asiye mhasibu wala mhandisi. Utahitaji kalamu, kikokotoo cha simu, na uvumilivu. Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zinauegemea: usijaribu kulisimamia jiji zima. Chagua kazi moja iliyoandikwa kwenye taarifa, iliyo mahali unapoweza kufika kwa miguu, uifuate kuanzia makadirio hadi ardhini. Anayeijua kazi moja kwa undani husikilizwa kikaoni kuliko anayelalamikia yote.

Hatua ya 1: Pata karatasi nne

Taarifa ya utekelezaji ikisimama peke yake haiwezi kupimwa, kwa sababu aliyeiandika ndiye aliyetenda. Itafutie wenzake watatu. Wa kwanza ni makadirio ya mapato na matumizi yaliyopitishwa na baraza la jiji kwa mwaka huohuo. Wa pili ni ripoti ya mkaguzi wa nje, ambayo kwa kawaida huwa ya mwaka uliotangulia. Wa tatu ni orodha ya zabuni na mikataba iliyotolewa. Makadirio yanakuambia waliahidi nini, taarifa inakuambia wanadai wamefanya nini, mkataba unakuambia nani alipewa kazi na kwa bei gani, na mkaguzi anakuambia vitabu vilisema nini alipovifungua.

Anzia kwenye tovuti ya jiji, kisha ofisi ya diwani wako, kisha masijala. Ukikataliwa, usigombane na karani, andika barua. Nchi ya kwanza kuweka kisheria haki ya raia kuona nyaraka za serikali ni Sweden, mwaka 1766, na leo zaidi ya nchi 100 zina sheria ya aina hiyo. Soma ya kwako kwa sababu mbili: uone ofisi imepewa siku ngapi za kujibu, na uone rufaa hupelekwa kwa nani.

Barua ya kuomba nyaraka iwe fupi na iseme jina la waraka. "Naomba taarifa za fedha" ni ombi linalokaribisha jibu lolote, hata kijarida chenye picha ya meya. Andika hivi:

"Naomba nakala ya makadirio ya mapato na matumizi ya mwaka huu wa fedha yaliyopitishwa na baraza, pamoja na jedwali la miradi ya maendeleo linaloonyesha kila kata. Pia naomba taarifa ya utekelezaji ya robo ya pili. Nakala za kielektroniki zinatosha."

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri ule huna siku ya kuanzia kuhesabu, na rufaa yako haitakuwa na miguu.

Hatua ya 2: Jua kipi ni cha jiji na kipi si cha jiji

Hatua hii ni fupi lakini huokoa miezi. Katika miji mingi maji yana mamlaka yake, umeme una shirika lake, barabara kuu ni za serikali kuu, na shule au zahanati hugawanywa kati ya ngazi mbili za utawala. Barabara inaweza kuwa ya jiji huku bomba lililopasuka chini yake likiwa la mamlaka ya maji, na ndiyo maana shimo lilelile huchimbwa tena baada ya kuzibwa. Chora jedwali dogo la huduma unazozitumia kila wiki, na mbele ya kila moja uandike ofisi inayowajibika. Usipokuwa na hakika, uliza kwa maandishi. Ofisi ikijibu kwamba jambo fulani si lake, jibu hilo nalo ni ushahidi, litunze.

Hatua ya 3: Anza na mapato, hata kama hamu yako ni barabara

Wengi hurukia ukurasa wa miradi. Nakushauri uanze na mapato, kwa sababu huko ndiko miradi hufia kabla haijazaliwa.

Gawanya mapato katika mafungu manne: vyanzo vya ndani (kodi ya majengo, leseni, ada za maegesho, ushuru wa masoko, ada za taka), ruzuku kutoka serikali kuu, mikopo, na fedha za mara moja kama mauzo ya ardhi au majengo ya jiji. Kisha, kwa kila fungu, andika tarakimu mbili kwa kila mwaka: kilichokadiriwa na kilichokusanywa. Rudi nyuma miaka mitatu. Kazi hii ni ya jioni moja, na ndiyo itakayokufungua macho kuliko nyingine zote.

Tuchukue mfano wa hesabu. Jiji limekadiria kukusanya 110 mwaka huu. Ukitazama nyuma, unaona limekusanya 70, kisha 72, kisha 71. Mishahara, umeme, mafuta ya magari na marejesho ya mikopo hula 65 kila mwaka, na hivyo hulipwa kwanza. Kwenye karatasi, miradi ya maendeleo imebakiziwa 45. Kwa uhalisia, ikiwa makusanyo yatakuwa kama ya kawaida, itabaki 5 hadi 7. Maana yake ni kwamba kati ya kila miradi saba hivi iliyoorodheshwa, fedha zipo za mmoja tu, na hakuna aliyekuambia ni upi. Hapo hakuna aliyeiba kitu. Makadirio yaliyotiwa chumvi yanatosha kuua mtaro wako.

Kwa hiyo swali la kwanza kupeleka kikaoni liwe hili: "Mwaka jana tulikusanya 71. Ni chanzo gani kipya kitakachotufikisha 110?" Likijibiwa kwa chanzo kinachotajika, kama vile uthamini mpya wa majengo au mfumo mpya wa malipo, andika jibu na ulifuatilie robo ijayo. Likijibiwa kwa maneno ya matumaini, jua miradi ya mwisho kwenye orodha iko hatarini, na utafute wa kwako uko nafasi ya ngapi.

Fedha za mara moja zinahitaji jicho la pekee. Chicago, mwishoni mwa mwaka 2008, ilikodisha mita zake za maegesho kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, ikapokea takribani dola bilioni 1.15. Mkaguzi mkuu wa ndani wa jiji alikadiria mwaka uliofuata kwamba mita hizo zilikuwa na thamani kubwa zaidi, kwa karibu dola milioni 974. Sehemu kubwa ya fedha zilizopokelewa ilitumika ndani ya miaka michache kuziba mapengo ya bajeti, ilhali mapato ya maegesho yameondoka kwa vizazi viwili au vitatu. Ukiona katika taarifa ya jiji lako mapato yamepanda ghafla, uliza: yatapatikana tena mwaka kesho? Kama hayatapatikana, yamenunua kitu kitakachodumu, au yamelipa mishahara ya mwezi?

Mikopo nayo ipimwe kwa swali hilohilo. Kukopa kujenga mfereji utakaotumika miaka 40 ni jambo la busara, kwa kuwa watakaoutumia ndio watakaolipa. Kukopa ili kulipa matumizi ya kawaida ni hatari. New York ilifanya hivyo kwa miaka kadhaa, ikirundika mikopo ya muda mfupi na hata kuingiza gharama za kila siku kwenye bajeti ya ujenzi, mpaka mwaka 1975 masoko ya fedha yakakataa kuikopesha na jiji likakaribia kufilisika. Maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa. Katika taarifa yako tafuta mstari wa marejesho ya mikopo, uugawe kwa mapato ya ndani, na uangalie kama uwiano huo unapanda mwaka hadi mwaka.

Hatua ya 4: Soma matumizi kwa kutofautisha fedha na kazi

Neno la kuchunguza kuliko yote katika taarifa za jiji ni "utekelezaji". Taarifa itasema mradi umetekelezwa kwa asilimia 90. Asilimia 90 ya nini? Inaweza kuwa asilimia 90 ya fedha zimelipwa huku kazi ikiwa nusu. Inaweza kuwa kazi imefika asilimia 90 lakini mkandarasi anadai, na ameondoa mitambo. Inaweza pia kuwa asilimia 90 ya fedha zilizopokelewa, ambazo zenyewe zilikuwa theluthi ya zilizoidhinishwa. Kwa kila mradi unaokuhusu, jaza tarakimu nne: zilizoidhinishwa, zilizotolewa, zilizolipwa, na kiasi cha kazi kilichopimwa na mhandisi. Taarifa isiyotoa hizo nne haijakamilika, na una haki ya kusema hivyo.

Baada ya hapo tazama mgawanyo kati ya matumizi ya kawaida na ya maendeleo. Watu wengi huona matumizi ya kawaida kama upotevu na maendeleo kama neema. Sikubaliani nao. Kuzibua mitaro kabla ya mvua, kulainisha pampu, kubadilisha balbu za taa za barabarani, yote hayo ni matumizi ya kawaida, na ndiyo yanayolinda kilichojengwa. Barabara ya lami haiuawi na magari peke yake. Huuawa na maji yanayotuama pembeni mwake na kupenya chini, yakalegeza tabaka za chini, hadi magurudumu yanapomalizia. Jiji linalojenga barabara mpya kila mwaka huku kasma, yaani fungu la bajeti, ya matengenezo ikipungua linajenga mashimo ya kesho. Kukata utepe hupigwa picha, koleo la kuzibua mtaro halipigwi, na bajeti nyingi zimeandikwa kwa kuifuata kamera.

Kisha fungua viambatisho, kwa sababu madeni makubwa hukaa huko. Detroit, Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama wa ufilisi mwezi Julai 2013 ikiwa na madeni yanayokadiriwa kuwa dola bilioni 18, na sehemu kubwa yake ilikuwa pensheni na bima za afya za wastaafu, ahadi zilizotolewa miaka mingi bila kutengewa fedha za kutosha. Birmingham, Uingereza, mwezi Septemba 2023 ilitoa notisi ya kusimamisha matumizi yote yasiyo ya lazima. Sababu mbili zilizotajwa zilikuwa madai ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliolipwa chini ya wenzao kwa kazi zenye uzito sawa, na mfumo mpya wa kompyuta uliozidi sana gharama iliyopangwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoanza mwaka ule. Yalikuwapo kwa miaka, katika kurasa ambazo wachache walizifungua. Katika taarifa yako tafuta maneno haya: malimbikizo ya madeni, madai ya watumishi, madai ya wakandarasi, kesi zilizoko mahakamani, michango ya pensheni isiyowasilishwa. Jumlisha. Kama jumla inazidi bajeti yote ya maendeleo ya mwaka, hiyo ndiyo habari kuu ya jiji lako, hata kama haimo kwenye hotuba.

Hatua ya 5: Mkaguzi amesema nini

Wakaguzi hutoa maoni ya aina nne. Hati inayoridhisha ina maana hesabu zimeandaliwa ipasavyo. Hati yenye shaka ina maana kuna sehemu fulani zisizokaa sawa. Hati isiyoridhisha ina maana kasoro ni kubwa kiasi kwamba hesabu nzima inapotosha. Ya nne ni pale mkaguzi anaposhindwa kutoa maoni kwa kukosa nyaraka au ushahidi.

Hapa pana mtego. Hati inayoridhisha husherehekewa kana kwamba ni cheti cha uadilifu, wakati haisemi kwamba fedha zilitumiwa kwa busara. Inasema zimeandikwa sawasawa. Jiji linaweza kununua pampu tatu zisizohitajika, likaziandika kwa usahihi wote, na kupata hati safi. Kwa hiyo ruka ukurasa wa maoni, nenda kwenye hoja za ukaguzi, na juu ya yote kwenye jedwali la utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Hoja ileile ikijirudia mwaka wa tatu, mkaguzi amemaliza kazi yake na sasa kazi ni ya baraza la madiwani. Muulize diwani wako, kwa jina la hoja na ukurasa wake, aliisemea lini.

Hatua ya 6: Pima huduma kwa kile kinachomfikia mtu

Kila idara huchagua kipimo kinachoipendeza. Kazi yako ni kukirudisha kipimo mlangoni pa nyumba.

Kwa taka, tani zilizozolewa hazitoshi. Tani zinaweza kupanda kwa sababu jiji limekua, huku mitaa ya pembezoni ikipitwa na lori. Uliza kaya ngapi zina siku maalumu ya kuzolewa taka, na mara ngapi ratiba ilivunjwa. Uliza pia kama dampo lina mizani. Bila mizani, tani hizo zimekisiwa kwa kuhesabu safari za malori, na lori nusu huhesabiwa sawa na lililojaa.

Kwa maji, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni sehemu ya maji yanayozalishwa lakini hayalipiwi, iwe kwa kuvuja, kuibwa au mita mbovu. Mwaka 1993 mamlaka ya maji ya Phnom Penh, Kambodia, ilikuwa ikipoteza takribani asilimia 72 ya maji yake. Kufikia mwishoni mwa muongo wa 2000 upotevu ulikuwa chini ya asilimia 10. Waliweka mita kwa kila mteja, wakabadilisha mabomba makuukuu, wakawafuata wakubwa na taasisi zilizozoea kutolipa, na wakawapa wafanyakazi motisha kwa kazi iliyopimika. Jiji likikuambia linahitaji chanzo kipya cha maji, uliza kwanza maji ya chanzo cha zamani yanapotelea wapi.

Kwa taa za barabarani, taa zilizowekwa ni hesabu ya stoo. Hesabu ya mtaa ni taa zinazowaka usiku wa leo. Kabla na wakati wa ufilisi wake Detroit ilikuwa na karibu asilimia 40 ya taa zisizowaka. Ilianzisha mamlaka maalumu ya taa, ikafunga taa mpya zipatazo 65,000 za LED, na kazi ikakamilika Desemba 2016. Somo ninalochukua pale ni kuhesabu zilizozimika, mtaa kwa mtaa. Wewe unaweza kuhesabu za mtaa wako jioni moja.

Malalamiko nayo yana lugha yake. "Yamefungwa" si sawa na "yametatuliwa", kwani lalamiko hufungwa pia likihamishiwa idara nyingine au likikaa muda mrefu. New York ilianzisha namba moja ya simu, 311, kwa maombi yote ya huduma mwaka 2003, na faida yake kubwa ni kwamba kila ombi hupata namba ya kumbukumbu na tarehe. Baltimore, nayo ya Marekani, kuanzia mwaka 2000, iliwaita wakuu wa idara mara kwa mara mbele ya meya wakiwa na takwimu mpya, na ikaahidi kuziba shimo la barabarani ndani ya saa 48 tangu kuripotiwa. Ahadi yenye saa ndani yake inaweza kuvunjwa hadharani, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Ukiripoti jambo kwa jiji lako, usikate simu kabla hujapata namba ya kumbukumbu. Ukiona wastani wa siku za kushughulikia malalamiko, omba mgawanyo kwa kata. Wastani mzuri wa jiji zima mara nyingi umebebwa na kata chache.

Hatua ya 7: Chagua kazi moja, uipime

Sasa rudi kwenye jedwali la miradi na uchague. Kazi nzuri ya kuanzia ina sifa tatu: inaonekana kwa macho, iko karibu, na ina vipimo. Mtaro wa mita 300 unafaa. "Kujenga uwezo wa kamati" haufai.

Andika jina la mradi kama lilivyo, mahali pa kuanzia na kuishia, urefu, upana, jina la mkandarasi, bei ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kama kuna jedwali la ujazo na gharama, liombe. Ndilo linaloeleza zege ni la unene gani, nondo ni za kipenyo gani, na makalavati ni mangapi. Gawanya bei kwa urefu, upate gharama ya mita moja. Fanya hivyo pia kwa miradi mingine miwili inayofanana. Ukikuta mmoja ni ghali maradufu, usipige kelele za wizi. Huenda ardhi ni ya tope au kuna madaraja madogo. Uliza sababu, uandike jibu.

Hakikisha pia kwamba mradi mmoja haujaandikwa mara mbili kwa majina mawili, kwa mfano kwa jina la mtaa kwenye orodha ya jiji na kwa jina la shule jirani kwenye orodha ya mfuko wa wafadhili. Na usisahau miradi "inayoendelea" ambayo imekuwa ikiendelea katika taarifa za miaka minne mfululizo.

Nenda na futi ya kupimia. Piga picha kutoka sehemu ileile kila wiki, ukiwa umesimama upande uleule, picha ionyeshe kitu kisichohama kama nguzo au kona ya jengo. Unene upime kabla zege halijafunikwa. Baadaye utahitaji mitambo. Mchumi Benjamin Olken, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, alifuatilia ujenzi wa barabara katika vijiji 608 vya Indonesia. Wahandisi walichimba sampuli za barabara zenyewe ili kulinganisha kokoto na mchanga vilivyokuwemo na vile vilivyolipiwa. Vijiji vilivyojulishwa mapema kwamba vitakaguliwa kwa hakika vilipunguza upotevu kwa takribani pointi 8 za asilimia. Kujua tu kwamba mtu atakuja kupima kulibadilisha kazi. Kwa sababu hiyo nakushauri usipime kwa kificho. Msalimie msimamizi, mweleze kwamba wewe ni mkazi, na muulize maswali yako mchana kweupe. Usiingie eneo la kazi bila ruhusa, na usimwamrishe fundi. Yeye humsikiliza aliyemwajiri.

Hatua ya 8: Peleka ulichokikuta, kwa wakati wake

Bajeti ikishasomwa barazani, milango mingi imeshafungwa. Vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla, kuanzia mitaa na kata. Omba ratiba ya maandalizi ya bajeti, weka alama kwenye tarehe ya mikutano ya ngazi ya chini, na ufike pale ukiwa na karatasi. Uliyopima mwaka huu ni hoja ya bajeti ya mwaka kesho.

Porto Alegre, Brazil, ndiyo iliyoonyesha tangu mwaka 1989 kwamba wakazi wa kawaida wanaweza kupanga vipaumbele vya uwekezaji wa jiji lao. Jiji liligawanywa katika maeneo, kila eneo likafanya mikutano na kuchagua wawakilishi, na fedha zikagawanywa kwa kuzingatia idadi ya watu, upungufu wa huduma uliopo, na kipaumbele kilichotajwa na eneo lenyewe. Orodha ya kazi zilizokubaliwa ilichapishwa ili kila mtu afuatilie ya kwake. Kwangu, kigezo cha upungufu wa huduma ndicho moyo wa mpango ule, kwa sababu kilizuia mtaa wenye sauti kubwa kumeza mtaa wenye shida kubwa. Hata kama jiji lako halina utaratibu huo, unaweza kutumia vigezo vitatu hivyo kupima kama mgawanyo wa miradi kati ya kata ni wa haki.

Usiende peke yako, na usiende na wenye nyumba pekee. Wapangaji, wachuuzi, watu wenye ulemavu na wazee hutumia mtaro, kivuko na taa kwa namna ambayo mwenye gari haioni. Gawaneni kazi: mmoja apige picha, mmoja atunze barua, mmoja ahesabu taa, mmoja azungumze kikaoni. Mzungumzaji awe na dakika mbili, tarakimu tatu na ombi moja.

Barua ya kupeleka matokeo inaweza kuwa hivi:

"Taarifa ya robo ya tatu inaonyesha mtaro wa mita 300 umekamilika kwa asilimia 100. Tarehe 14 tulipima pamoja na mwenyekiti wa mtaa tukakuta mita 210 zilizojengwa na mita 90 ambazo hazijaanza. Tumeambatisha picha na mchoro. Tunaomba mhandisi afike kupima nasi ndani ya siku 14, na tunaomba malipo ya mwisho yasifanyike kabla ya upimaji huo."

Angalia kwamba barua hiyo haimtuhumu mtu. Inataja kilichoandikwa, kilichoonekana, na kinachoombwa. Nakala impelekee diwani na mkaguzi wa ndani wa jiji. Kisha bandika muhtasari wake mahali pa wazi mtaani. Nchini Uganda, uchunguzi uliofuatilia fedha za ruzuku za shule za msingi ulikuta kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha zilizotengwa kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya fedha ilikuwa inafika, ingawa hatua nyingine za usimamizi nazo zilichangia. Wazazi hawakuwa wamekosa uchungu kabla ya hapo. Walikuwa wamekosa tarakimu.

Ofisi ikirekebisha, andika barua ya kushukuru kwa maandishi yaleyale, ukitaja afisa aliyesimamia. Watumishi wanaofanya kazi vizuri katika jiji lenye fedha kidogo wanastahili, na mwaka ujao utawahitaji.

Hatua ya 9: Baada ya makabidhiano

Mkataba wa ujenzi kwa kawaida huwa na kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 12, ambamo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama zake, na jiji huzuia sehemu ya malipo yake, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, mpaka kipindi kiishe. Omba tarehe ya makabidhiano na uhesabu mwenyewe. Kagua mtaro baada ya mvua kubwa ya kwanza: maji yanatuama wapi, kingo zimeng'oka wapi, mfuniko upi umepasuka. Ripoti kila kasoro kwa maandishi mara uionapo, kisha fanya ukaguzi mmoja wa mwisho mwezi wa kumi tangu makabidhiano, ukiwa na orodha kamili. Barua ikifika mwezi wa kumi na tatu, zuio limeshaachiwa, na ufa uleule utalipiwa upya kutoka kasma ya matengenezo.